Safari Hupimwa kwa Siku Yake Ngumu: Hotuba kwa Waendesha Baiskeli wa Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotuheshimu kwa kufika, ndugu waendesha baiskeli wenzangu: mbukwenyi!

Nimeombwa nizungumze juu ya maandalizi ya safari ya baiskeli kutoka hapa Dodoma hadi Mwanza, ambayo wengi waliomo humu ukumbini wameazimia kuianza mwanzoni mwa Julai. Muda niliopewa nitautumia karibu wote kwa jambo moja, kwa sababu naamini ndilo litakaloamua nani atafika Mwanza kwa miguu yake na nani atapakiwa kwenye gari njiani pamoja na baiskeli yake. Tangu safari hii itangazwe, tumekuwa tukiitaja kwa jumla ya kilomita zake, ambazo ni takriban 700, na kila anayekuja kuniuliza kama ataweza anaulizia hizo 700. Nawaomba muiweke kando hesabu hiyo. Hakuna mtu anayeendesha kilomita 700. Mtu huendesha siku moja, akala, akalala, akaamka akaendesha siku nyingine, na siku nyingi za safari hii ni za kawaida kwa yeyote aliyezoea baiskeli. Safari huharibika katika siku moja au mbili zilizo ngumu kuliko nyingine, na aliyejiandaa kwa siku hizo amejiandaa kwa zote zilizobaki.

Kwa hiyo tuitazame njia yenyewe. Hapa mjini tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka kwa kupitia Nala, barabara inakwenda ikishuka taratibu hadi Bahi, kwenye mashamba ya mpunga na mbuga ya majimaji, ambako mwinuko ni kama mita 830 tu. Kipande hicho ni kitamu mno kwa siku ya kwanza: unateremka, upepo wa msimu wa kiangazi unavuma kutoka kusini mashariki na kukusukuma mgongoni, miguu bado mipya, na jamaa waliotoka kukuaga bado wamo moyoni. Mtu anafika Bahi mapema akiwa na hakika kwamba Manyoni ataiona mchana huohuo. Lakini baada ya Bahi ni Kintinku, ambako umekwisha kuingia Mkoa wa Singida, na baada ya Kintinku ndipo ukingo wa Bonde la Ufa unaposimama mbele yako. Mpaka ufike Manyoni, ambayo iko kwenye takriban mita 1,250, utakuwa umepanda kama mita 400, na anayeondoka hapa asubuhi kwa mwendo wa kawaida, akapumzika Bahi na kunywa chai Kintinku, anaufikia mlima huo saa saba au saa nane mchana, wakati jua ni kali kuliko saa nyingine zote, lami inarudisha joto usoni, na malori yanayoelekea Rwanda, Burundi na Kongo yanapanda kando yake kwa gia ndogo na kumwachia moshi.

Hiyo ndiyo siku ngumu ya kwanza, na ubaya wake ni kwamba inakuja kabla mwili haujaizoea safari. Dodoma hadi Manyoni ni kama kilomita 125, umbali ambao kwenye karatasi unaonekana wa siku moja, na ratiba niliyoonyeshwa na kamati imeupanga hivyo. Nashauri kwa msisitizo wote kwamba ratiba hiyo ibadilishwe. Tulale Kintinku siku ya kwanza, tuamke alfajiri, na jua likichomoza litukute tayari tuko mlimani. Asubuhi ya Julai katika ukanda huu ni ya baridi, kiasi cha kuhitaji sweta, na mlima uleule ambao saa nane mchana unamwangusha kijana mwenye nguvu, saa moja asubuhi unapandwa na mtu wa makamo huku akizungumza na mwenzake. Najua wapo watakaoona aibu kulala mapema siku ya kwanza wakati nguvu bado zipo. Hao ningewakumbusha kwamba mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha, naye aliigawa njia hiyo kwa siku kadhaa, kila siku na kituo chake.

Siku ngumu ya pili iko mbele ya Singida, na ugumu wake ni wa namna nyingine. Kutoka Manyoni hadi Singida, na kutoka Singida kupita Iguguno, unaendesha juu ya uwanda wa mawe na upepo ambao haumsumbui sana mtu anayeelekea kaskazini magharibi. Kisha unafika Sekenke. Hapo ndipo palipochimbwa dhahabu enzi za Wajerumani, na dhahabu ya hapo ndiyo iliyotengenezewa sarafu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, lakini mwendesha baiskeli anapaswa kupafahamu kwa mteremko wake. Uwanda unakatika ghafla na barabara inashuka kwa kona kuelekea mbuga ya Wembere. Mwenye baiskeli ya Phoenix au Avon yenye breki za vyuma na mzigo wa kilo 15 kwenye keria hatazisimamisha tairi zake mahali hapo ikiwa raba za breki zimekwisha, na mwenye breki nzuri akizishika mfululizo kutoka juu hadi chini atachemsha rimu mpaka tyubu ipasuke. Breki hushikwa kwa vipindi, unabana na kuachia, ya mbele na ya nyuma kwa kupokezana, na mwendo hupunguzwa kabla ya kona, kabla baiskeli haijalala. Ambaye hana imani na breki zake ashuke akokote. Kilomita chache za kutembea hazijamharibia mtu safari. Ukiwa chini, Wembere yenyewe ni tambarare ya udongo mweusi isiyo na kivuli. Singida hadi Igunga ni karibu kilomita 145, na ndiyo maana napendekeza usiku huo tulale Shelui, tuivuke mbuga kesho yake asubuhi. Kuanzia Igunga kwenda Nzega, Shinyanga na Mwanza sitasema mengi, kwa sababu aliyefika Igunga akiwa mzima atafika Mwanza.

Sasa nije kwenye mwili. Tunazo wiki kumi na mbili. Moyo na misuli hujibu mazoezi haraka, na ndani ya mwezi mmoja mtu anajisikia ana nguvu mpya, lakini kano za magoti na za visigino huchelewa kuimarika, na hapo ndipo watu wengi huumia: wanaongeza umbali kwa kadiri pumzi inavyoruhusu, huku magoti bado hayajakubali. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kuongeza si zaidi ya sehemu moja ya kumi ya jumla ya kilomita za wiki iliyotangulia, na kila wiki ya nne kupunguza ili mwili upate nafasi ya kujijenga. Siku tatu kwa wiki zinatosha kwa mtu mwenye kazi na familia, mradi mbili kati yake ziwe Jumamosi na Jumapili mfululizo. Kuendesha kilomita 60 leo si sawa na kuendesha kilomita 60 kesho juu ya uchovu wa leo, na safari yetu yote ni ya aina hiyo ya pili.

Kwa mazoezi ya katikati ya wiki, vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma vinafaa sana. Chagua kilima kimoja, kipande bila kusimama juu ya pedeli, ushuke, ukipande tena, na ujifunze kutumia gia nyepesi mapema badala ya kusubiri mpaka miguu igome. Kwa mwisho wa wiki, nendeni kwanza upande wa Ihumwa na Chamwino. Sababu yake ni upepo. Ukielekea mashariki upepo unakukabili ukiwa na nguvu, na wakati wa kurudi unakusukuma nyumbani. Anayeanza na upande wa Bahi anakwenda kwa raha, akageuka, akakutana na mlima na upepo kwa pamoja akiwa amekwisha kuchoka.

Lakini upande huo wa Bahi una kazi yake, na ndiyo ninayotaka mwikumbuke kuliko maelezo mengine ya mazoezi. Kurudi kutoka Bahi hadi Dodoma mchana, ukipanda karibu mita 300 huku upepo ukikupiga kifuani, kunafanana na kipande cha Kintinku hadi Manyoni kuliko njia nyingine yoyote iliyo karibu nasi, ingawa kule kupanda kunakuja kwa mkupuo mmoja na huku kumetawanyika. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 110. Kabla ya kuisha wiki ya tisa, kila mmoja wetu afanye safari hiyo akiwa na mzigo kamili, nguo, maji, vifaa na chakula, na kesho yake aendeshe tena kilomita 40 au 50. Atakayemaliza na kuamka anaweza kula na kutembea vizuri, huyo yuko tayari. Atakayeshindwa bado ana wiki tatu za kujua tatizo liko wapi, kama ni miguu, maji, siti au baiskeli yenyewe. Heri tatizo hilo lijulikane Bahi, ambako bajaji na mabasi yapo, kuliko lijulikane katikati ya mlima.

Magoti yakiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Yakiuma kwa nyuma, iko juu mno. Njia rahisi ya kupima ni kukaa kwenye siti, kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na kuhakikisha mguu umenyooka. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya unyayo kama inavyotakiwa wakati wa kuendesha, goti litabaki na mkunjo mdogo unaofaa. Kwa dada zetu na akina mama, mifupa ya nyonga huwa imetanuka zaidi kuliko ya wanaume, kwa hiyo siti nyembamba iliyotengenezwa kwa mwili wa kiume inaweza kuwa mateso, na hakuna sababu ya kuvumilia. Siti pana kidogo hubadilishwa kwa fundi yeyote kwa muda mfupi. Kaptura yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani, na mafuta ya mgando hupakwa mahali panaposuguana kabla ya kuanza safari, kabla ngozi haijachubuka.

Kuhusu maji, nawasihi msitegemee kiu. Katika joto letu mtu anayeendesha hutoka jasho la nusu lita hadi lita moja na nusu kwa saa, na tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa kiasi kwamba kipimo cha mwenzako hakikufai. Jipime mwenyewe. Kabla ya zoezi la saa mbili, panda kwenye mizani bila viatu. Ukirudi, jifute jasho, panda tena. Kila kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji uliyopoteza pasipo kuyarudisha. Ongeza juu yake kiasi ulichokunywa njiani, ugawe kwa saa mbili, nawe utakuwa umejua mahitaji yako. Wengi wetu tutakuta kwamba kwa ule mlima wa Manyoni tunahitaji kubeba angalau lita nne, jambo linalomaanisha kwamba chupa mbili ndogo za kwenye fremu hazitoshi na lazima kuwe na dumu dogo kwenye keria.

Maji matupu peke yake pia yana hatari yake. Mtu anayetoka jasho siku nzima na kunywa maji mengi yasiyo na chumvi huweza kushusha chumvi ya damu yake mpaka akapata kichefuchefu, kichwa kikamuuma, akachanganyikiwa, na wenzake wakadhani ni kiu wakamwongezea maji. Kinachosaidia kuizuia hali hiyo ni dawa ileile ambayo mama zetu wanaifahamu kutoka kliniki: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Katika kila chupa mbili, moja iwe ya mchanganyiko huo au ya pakiti ya ORS inayouzwa duka la dawa. Maji ya visima vya njiani yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama wenyeji wanayanywa bila shida, kwa maana tumbo la mgeni halijayazoea, na kuhara siku ya tatu ni mwisho wa safari.

Mtu anayeendesha kwa muda mrefu anahitaji kati ya gramu 30 na 60 za wanga na sukari kwa kila saa, na anapaswa kuanza kula kabla hajasikia njaa. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu kama 25, na soda ya chupa ya mililita 350 ina kama 35. Tunaishi katika ukanda ambao umejaaliwa vyakula vya safari. Zabibu zetu zilizokaushwa, karanga za kukaanga zenye chumvi, ubuyu ambao una potasiamu na vitamini C kwa wingi, asali ya Manyoni na Itigi, na mbele ya Nzega michembe ya viazi vitamu, vyote haviozi njiani wala havihitaji kupikwa. Asubuhi uji wa ulezi au wa uwele uliotiwa karanga za kusaga unamfikisha mtu mbali. Nyama choma na kuku wa Singida viwe vya jioni, kazi ikiwa imekwisha. Na chakula chochote unachokusudia kula njiani, kile kwanza kwenye mazoezi, ujue tumbo lako linakipokeaje.

Jambo moja la hatari niliseme waziwazi. Kuna mazoea ya kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki kila asubuhi ili kuzuia uchovu. Dawa hizo, mwili ukiwa umepungukiwa maji, huweza kuumiza figo. Maumivu yanayohitaji dawa kila siku ni ishara ya kupumzika. Vilevile mwenzako akianza kuzungumza maneno yasiyoeleweka, akiyumba au akiwa na ngozi ya moto kupita kiasi, asiambiwe ajikaze: msimamisheni, mlazeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea, na atafutiwe gari la kumfikisha hospitali mara moja. Joto kali la mwili huua kwa muda mfupi.

Nije kwenye baiskeli, ambayo ndiyo kazi iliyonilea. Watu huniuliza kama lazima mtu awe na baiskeli ya gia. Kwa mlima wa Manyoni gia zinasaidia sana, sitawaficha, lakini Phoenix iliyofungwa vizuri na mtu anayekubali kushuka na kukokota penye mwinuko mkali itafika, na ina faida moja ambayo wenye baiskeli za mitumba kutoka Ulaya na Japani wanapaswa kuitafakari. Tairi na tyubu zake zinauzwa karibu kila kituo kikubwa kuanzia hapa hadi Mwanza, sawa na zile za inchi 26. Rimu nyingi za baiskeli za mbio na zile zinazoitwa za inchi 29 zina kipenyo cha milimita 622, ilhali rimu ya Phoenix ni milimita 635, na tairi ya moja haiingii kwenye nyingine hata ukilazimisha kwa nyundo. Tena tundu la valvu kwenye rimu za mbio huwa jembamba, kwa hiyo hata tyubu ya dukani haitapita. Mwenye rimu za namna hiyo abebe tairi moja ya akiba iliyokunjwa na tyubu zisizopungua tatu.

Maana pancha zitakuwepo. Adui wetu mkubwa katika mikoa hii ni mbigili, ambazo msimu wa kiangazi zimekauka na kutapakaa kando ya lami, na baada yake miiba ya migunga. Tairi ziwe nene na mpya, zifungwe mapema mwezi mmoja kabla, na ndani yake unaweza kuweka utepe uliokatwa kutoka tyubu kuukuu ili kuongeza unene. Ukilazimika kutoka nje ya lami, iwe kwa kupumzika au kwa kumpisha lori, inua baiskeli uibebe mpaka mahali pasafi, usiikokote kwenye majani, kwa sababu hatua kumi za kukokota zinaweza kukuletea pancha tano. Na ukipata pancha, usiridhike na kuziba tundu na kurudisha tyubu. Pitisha kitambaa kuzunguka ndani ya tairi yote, kwani mwiba uliosababisha tundu mara nyingi bado umo, umevunjikia ndani, nao utatoboa kiraka kipya kabla hujafika kilomita mbili. Tyubu izibwe jioni gesti kwa utulivu, gundi ikauke vizuri kabla ya kubandika kiraka; barabarani badilisha tu tyubu uendelee.

Spoki huvunjika zaidi gurudumu la nyuma, upande wa mnyororo, ambako ndiko kwenye uzito na mvuto mkubwa, na ni kazi ngumu kupata spoki ya urefu unaotakiwa ukiwa Kintinku. Beba nne za urefu sahihi, zifungwe kwa gundi ya karatasi kwenye fremu, na fundi akuhakikishie kwamba gurudumu limenyooshwa upya baada ya kukimbia kama kilomita 100 za kwanza. Mnyororo upimwe kwa rula: vipingili 24 vya mnyororo mpya, yaani kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, huchukua inchi 12 kamili, na ikiwa vimezidi kwa milimita moja na nusu, mnyororo umelika na utakula meno ya gia zako njiani. Gololi na grisi za vikombe vya magurudumu na vya pedeli zibadilishwe zote. Mzigo uwekwe chini na kugawanywa pande mbili za keria, usizidi kilo 12 ukiondoa maji, na mgongoni pasiwe na begi kabisa, kwa sababu begi la mgongoni hukaza mabega, huzuia jasho kukauka na kuumiza makalio.

Barabara tunayoipita ni barabara kuu ya nchi. Sheria ya Usalama Barabarani inatuhesabu kuwa ni watumiaji halali wa barabara, tunaendesha upande wa kushoto kama wengine, lakini haki hiyo haimzuii dereva aliyesinzia. Tuende kwa mstari mmoja, katika vikundi vya watu wanne hadi sita, na kati ya kikundi na kikundi kuwe na nafasi ya kutosha basi lililopita kundi moja kurudi upande wake kabla ya kulifikia lingine. Kioo cha pembeni kwa kila baiskeli, fulana yenye kuakisi mwanga, kofia ngumu, na masikioni pasiwe na kitu. Ukiona lori linakuja mbele na kusikia jingine nyuma, usisubiri kuona watakavyopishana. Toka nje ya lami mapema, huku mwendo bado unautawala.

Kuna jambo la jua ambalo ni mahususi kwa safari ya kuelekea magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yetu, na dereva anayetufuata anatuona vizuri, lakini dereva anayekuja mbele analitazama jua usoni na anaweza kulipita gari jingine bila kutuona. Jioni hali inageuka: dereva aliye nyuma yetu ndiye anayepofushwa, nasi ndio tulio mbele yake. Kwa hiyo kila siku tuwe tumefika kituoni kabla ya saa kumi jioni, na kamwe tusiendeshe usiku, hata iwe zimebaki kilomita tano tu.

Tutapita katika mikoa mitano, Dodoma, Singida, Tabora kwa maana ya Igunga na Nzega, Shinyanga na Mwanza, na kamati ipeleke barua ya taarifa kwa polisi wa usalama barabarani wa kila mkoa wiki mbili kabla. Kila msafiri awe na karatasi iliyofungwa kwenye nailoni yenye jina lake, kundi la damu kama analijua, dawa anazotumia na namba ya ndugu, na namba ya dharura ya polisi, 112, iwe kichwani. Chandarua kilichotiwa dawa kibebwe, kwa kuwa kadiri tunavyosogea kuelekea Shinyanga na Ziwa Victoria malaria inakuwa nyingi kuliko tulivyozoea hapa. Na tutakapofika Mwanza kwa furaha na vumbi, tusijitupe ziwani kuoga, kwa sababu kingo za Ziwa Victoria zina kichocho, tuoge gesti.

Wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, punguzeni mazoezi hadi nusu, laleni vizuri, na msibadilishe chochote kwenye baiskeli, si siti, si viatu, si tairi. Ukaguzi wa baiskeli zote tuufanye Jumamosi, wiki mbili kabla ya safari, hapahapa uwanjani, na nitakuwepo pamoja na mafundi wenzangu kuanzia saa mbili asubuhi. Kila mmoja aje na baiskeli yake ikiwa imefungwa mzigo wote atakaosafiri nao, pamoja na maji, ili tuipime kama itakavyokuwa siku ile ya mlima.

Ndugu Mwenyekiti, nashukuru kwa kunipa nafasi. Wenye maswali juu ya breki na rimu nitabaki nao.